Sahani ya Mzee wa Kanisa

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Marehemu mama alizoea kuwasimulia wageni kwamba nikitumwa maji kisimani nilikuwa nalia njiani kabla mtungi haujavunjika, na nikishautua nyumbani ukiwa mzima ndipo nanyamaza. Watu walicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu mitungi huvunjika kweli.

Kwa hiyo siku baba aliporudi kutoka kazini akaniambia kuwa wazazi wa yule mwalimu wa Makambako wangefika Jumamosi asubuhi, na kwamba mama mtu ametuma neno kuwa wanataka kunywa chai kwa mkate wa mkono wangu mwenyewe, nilikaa kizingitini nikajifunika uso kwa viganja. Baba alidhani ni furaha. Alinipita akaenda kuvua koti lake.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Tulikaa Njombe, upande wa Mjimwema, na baba alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa mashamba ya miti ya miwati. Mama alikuwa ameshafariki, dada zangu wameolewa mbali, tumebaki wawili. Baba ndiye aliyenifundisha kuoka mkate, jambo ambalo wasichana wengi wa rika langu hawakulijua, na mkate huo ndio ulionitia matatani. Yule mwalimu alikuwa akifundisha shule ya karibu na kwetu. Mara ya kwanza alikula mkate wangu kwa kuwa baba alimkaribisha chai, mara ya pili kwa kuwa alijikaribisha mwenyewe, na baada ya hapo aliacha kusingizia kuwa anapita njia. Tulipendana, hilo nalisema wazi, uzeeni sina haya tena. Kosa lake ni kwenda kwao Makambako kujisifu kwamba amepata msichana anayeoka mkate laini kuliko wa Wazungu.

Hapa lazima nieleze habari ya sahani. Katika ukoo wetu, na katika koo nyingi tulizojuana nazo, watu wa posa hawakuwa wakisema hapana. Hapana ni neno zito, linavunja ujirani. Walikuja, wakasalimu, wakaletewa chakula kilichopikwa na binti mwenyewe, wakala. Kama wamemkubali, sahani zilirudi jikoni tupu. Kama hawakumkubali, walionja kidogo wakaziacha, wakashukuru vizuri sana, wakaaga. Hakuna aliyeuliza kitu. Binti aliziona sahani zake zinavyorudi, akajua. Nilikuwa na rafiki ambaye sahani moja tu ilirudi na viazi, ya mjomba wa mvulana, na habari ikaishia hapo ingawa wengine wote walilamba vidole.

Na hawa wa Makambako hawakuwa watu wa kawaida. Baba mtu alikuwa mzee wa kanisa la Kiluteri, mtu wa kusimama mbele, ambaye habari zake zilifika hadi Njombe. Sisi tulikuwa Wakatoliki. Suala la kanisa lilikuwa limeshazungumzwa, baba alikuwa amekubali kwa shingo upande kwamba nitamfuata mume wangu, kwa hiyo si hilo lililoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni ulanzi.

Mtu asiyetoka huku huenda hajui. Ulanzi ni utomvu wa mianzi yetu, unaogemwa wakati wa mvua. Ncha ya mwanzi mchanga inakatwa, chini yake inafungwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu chenye kina, na utomvu unadondokea humo. Ukitolewa asubuhi ileile ni mtamu, unaitwa mtogwa, hata watoto wanapewa. Ukikaa unakuwa mkali, na huo ni pombe kama pombe nyingine. Kwetu Wakatoliki ulanzi ulikuwa kinywaji tu, na sikumbuki padri aliyewahi kurudisha kikombe. Lakini Waluteri wa wakati ule walikuwa wakali mno. Aliyekutwa na ulanzi, awe ameunywa au ameuuza, alitengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu.

Sasa hamira ya kopo ilikuwa kwa Mzungu, kabatini, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mkewe. Sisi tuliumulia mkate kwa ulanzi mkali. Kikombe kimoja katika unga wa ngano, usiku kucha karibu na mafiga, asubuhi kinyunga kinafurika chomboni. Ule mkate laini ambao mwalimu alijisifu nao ulikuwa laini kwa sababu ya pombe, na yeye hakujua, kwa sababu hakuuliza na mimi sikuona sababu ya kumwambia.

Nilifikiri juma zima. Nilimwomba baba aibe hamira, akaniambia hajafika umri huu ili afukuzwe kazi kwa ajili ya kijiko cha unga wa mapovu. Nilitaka kupika mihogo, akaniambia wameomba mkate. Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la busara kupindukia. Ningeumulia mtogwa. Mtogwa si pombe. Hata mzee wa kanisa mwenyewe, kama alikuzwa na Wabena wenzake, aliunywa utotoni. Ningeutoa mbetani alfajiri, ningeutia katika unga papo hapo kabla haujapata nafasi ya kutenda dhambi, na mtu akiuliza ningejibu bila kuogopa.

Ijumaa alfajiri nilifanya hivyo. Nikakanda, nikafunika, nikaweka karibu na moto. Ilikuwa siku ya ukungu na manyunyu, baridi ile ya Njombe inayoingia hadi ndani ya mifupa. Nilikifunua kinyunga mara nyingi kuliko ilivyofaa. Mchana kilikuwa vilevile. Alasiri kilikuwa kimevimba kidogo upande mmoja, kama shavu la mtu mwenye jino bovu, basi. Nikasubiri tena, nikaona jua linakwenda, nikaoka hivyohivyo nikijidanganya kwamba moto utafanya kazi ambayo mtogwa haukuifanya.

Baba aliporudi alinikuta nimeuweka mkate mezani nimekaa mbele yake. Aliugonga kwa vidole ukatoa sauti ya mlango. Akaanza kucheka, na mimi nikapandwa na hasira nikamwambia mambo ambayo binti hamwambii baba yake, kwamba ni yeye aliyenifundisha kazi za Kizungu bila hamira ya Kizungu, na kwamba kesho nitakuwa kichekesho hadi Igwachanya. Aliacha kucheka. Unga wa ngano ulikuwa umekwisha, na hata ungekuwepo hapakuwa na muda.

Akasema kuna namna moja. Mke wa Mzungu, mkate ukikauka nyumbani mwake, hautupi, humwambia aulaze. Unakatwa vipande vinene, unapangwa ndani ya chombo kilichopakwa siagi, unamwagiwa mayai yaliyopigwa pamoja na maziwa na sukari na mdalasini, unaachwa hapo ulowe hadi asubuhi, halafu unaokwa wote pamoja. Wageni wake wa Jumapili huula kwa kijiko na kuomba tena. Mkate ukiwa mgumu ndiyo vizuri zaidi, alisema, laini unayeyuka unakuwa uji. Sikumwamini. Nilidhani ananituliza. Lakini mtu anayezama hachagui kamba, na mimi nilikuwa nimeshafika shingoni.

Nilizunguka kwa majirani kabla giza halijaingia. Mayai nilipata nyumba moja, maziwa nyumba nyingine, na kila mwenye nyumba aliniuliza wageni ni wa nini ingawa wote walijua. Sukari tulikuwa nayo. Mdalasini baba alikuwa nao mfukoni mwa koti, umefungwa katika kipande cha gazeti. Sikumuuliza umetoka kabati gani. Tukakata mkate kwa kisu cha kuchinjia kwa sababu kile cha kawaida kilikataa. Tukapanga vipande katika ile sufuria pana ya mama, samli chini na samli katikati, nikapiga mayai mpaka mkono ukaniuma, tukamwaga. Vipande vilielea. Nilivibonyeza kwa kijiko, vikazama, vikapanda tena. Baba akaweka sahani juu yake na jiwe juu ya sahani, akaniambia nikalale. Nililala nikihesabu makosa yanayowezekana. Maziwa yangeweza kuganda. Paka angeweza kulisukuma jiwe. Mayai ya yule jirani wa kwanza, kuku wake nilikuwa sijawahi kuwaamini.

Asubuhi nilikimbilia jikoni kabla ya kunawa uso. Jiwe lilikuwa mahali pake. Maziwa yalikuwa yameisha, yote yameingia ndani ya mkate, na vipande vilikuwa vimenenepa vimeshikana. Nilipobonyeza kwa kidole vilibonyea. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilivuta pumzi hadi chini.

Hazikupita dakika nyingi nikasikia lori. Nilikuwa nimewatarajia jua likishapanda, kumbe lori la mfanyabiashara mmoja lilitoka Makambako gizani kuikwepa mvua, nao wakaomba lifti. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, alikuwa bado hajafika. Mkaa ulikuwa na unyevu. Nilipuliza mpaka nikaona nyota, nikatandika makaa machache chini ya sufuria, nikafunika kwa kipande cha bati, nikaweka makaa mengine juu ya bati. Hiyo ndiyo tanuri yetu. Ubaya wake ni kwamba ukishaiweka huwezi kuchungulia, maana ukiinua bati majivu yanaanguka ndani na mayai yanashuka. Inabidi uamini pua yako. Na pua yangu asubuhi ile ilikuwa imejaa moshi na machozi.

Nikawasikia wanapokelewa sebuleni. Kamwene, kamwene. Sauti ya mzee ilikuwa ya chini, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nikachungulia ufa wa mlango nikaona viatu vyake, vyeusi, amevipangusa tope kabla ya kuingia. Viatu vile vilinitisha kuliko sauti. Nilijua kwamba mtu anayepangusa viatu namna ile haachi neno lipite bila kulipima.

Kisha mlango wa jikoni ukafunguliwa akaingia mama mtu. Hilo sikulitarajia kabisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, amefunga kitambaa cheupe kichwani, na macho yake yalizunguka jikoni mwangu bila haraka. Nilipiga goti nikamsalimu. Akaitikia, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akauliza habari za baridi. Nikajibu sijui nini. Akaitazama ile sufuria na bati lake. Kisha akachukua kijiti, akasogeza makaa mawili kutoka chini akayapandisha juu, akaweka kijiti pembeni. Wakati huo nilikuwa na hofu nyingi mno hata sikujiuliza mwanamke wa Makambako amejulia wapi makaa ya mkate.

Ndipo nikaona anachokitazama. Pembeni ya mlango, kwenye msumari ambako ilizoea kuwa, ilining'inia mbeta. Nilikuwa nimefagia, nimepaka chokaa, nimeficha kibuyu cha baba chini ya kitanda, na mbeta nikaiacha ukutani kwa sababu macho yangu yalikuwa yameizoea kiasi cha kutoiona. Ilikuwa bado na unyevu mdomoni. Mama yule aliitazama, akanitazama mimi, akatazama sufuria. Akainuka, akasema harufu ni nzuri, akatoka.

Nilitaka kutoroka. Nasema kweli, niliupima mlango wa nyuma. Badala yake nikainua bati. Ndani, juu ya mkate palikuwa na rangi ya asali, na kingo zimejitenga na sufuria. Nikaitikisa kidogo, katikati ikatetemeka mara moja ikatulia. Baba aliingia akaona, akanipiga bega, akaanza kupakua kama anawahudumia Wazungu wake, vipande vya mraba, kijiko cha asali juu. Mikono yake ilikuwa imara. Mimi nilibeba sahani na zikagongana njia nzima.

Mzee wa kanisa aliomba dua ndefu. Nilikaa mkekani karibu na mlango, mahali pa binti, na kutoka pale niliweza kuona sahani zote. Baba mdogo alikuwa ameshawasili na alikula wa kwanza. Mwalimu wangu hakuwepo, maana mvulana haji kwenye posa yake. Mzee akakata kipande kwa kijiko, akaonja, akaonja tena. Akasema hajawahi kula mkate wa namna hii. Baba akaeleza kidogo habari za mayai na maziwa. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akala tena. Nilikuwa nimeanza kuiona ile sahani tupu.

Kisha akanigeukia mimi, wala hakuwa na nia mbaya, alikuwa mtu anayependa kujua mambo.

"Binti, na mkate wenyewe umeuumulia nini?"

Baba akakohoa. Nilijua ameshaandaa jibu, hamira ya kopo ya kwa Mzungu, jibu zuri kabisa. Lakini swali lilikuwa langu, na mama mtu alikuwa ananitazama, na alikuwa ameiona mbeta. Watu wamewahi kunisifia ukweli wa siku ile. Haukuwa ukweli, ulikuwa woga. Niliogopa uongo wenye shahidi kuliko nilivyomwogopa mzee.

"Ulanzi, baba," nikasema. "Lakini ni mtogwa. Si ule mkali."

Mzee aliweka kijiko. Halafu akaiweka sahani yenyewe mezani, ikiwa na zaidi ya nusu ya mkate, akaisogeza mbele kidogo kwa vidole viwili. Hakukunja uso. Akasema asanteni sana, chakula kilikuwa kizuri.

Kila mtu mle ndani alielewa. Baba mdogo aliacha kutafuna. Mimi niliitazama asali inavyoteremka ukingoni mwa mkate, nikawaza mambo ya kijinga, kwamba nimemsumbua jirani kwa mayai bure, kwamba mwalimu angeambiwa na mama yake leo jioni, kwamba ningemwona tena akipita kwenda shuleni na asingeingia kwetu. Nilikuwa ninaumia hasa. Kisha nikasikia kijiko kinagonga sahani. Mama mtu alikuwa anaendelea kula. Alimaliza yake. Akanyoosha mkono, akachukua sahani ya mumewe, akaiweka mapajani pake.

"Baba," akamwambia mumewe, bila kupandisha sauti, "mkate wa nyumbani kwako naumulia ulanzi tangu ulipoanza kuniletea unga wa ngano. Na wangu ni ule mkali."

Akala. Alikula taratibu, bila kubakisha chochote, akafuta asali kwa kipande cha mwisho, na sisi wote tukimtazama kama watu walioko ibadani. Alipomaliza akazishika sahani zote mbili akanikabidhi mimi.

"Sahani zetu hizi, mwanangu. Hazina kitu."

Mzee aliinuka akatoka nje, akasimama katika manyunyu amevaa kofia yake. Hakurudi ndani mpaka lori lilipopiga honi. Lakini sahani zilikuwa tupu na mashahidi walikuwepo, na baba mdogo, ambaye hakuwa mjinga, alianza hapohapo kuzungumzia mwezi wa harusi.

Nilihamia Makambako baada ya mavuno. Ni mahali pa upepo. Vumbi lilikuwa likiingia hadi kwenye chumvi. Nikakuta kilichotokea nyuma yangu. Mzee alikuwa amepeleka kesi ya mkewe mwenyewe kwenye baraza la wazee wenzake, kwa mdomo wake, kwa sababu aliona hawezi kuwatenga wanawake wa wengine akamwacha wa kwake. Wakamtenga na Meza ya Bwana. Yeye hawakumgusa, wakasema alikula bila kujua. Nilikasirika sana. Miaka yote ile alikuwa na ulimi kinywani mwake, alikuwa hajui nini? Mama mkwe hakukasirika. Siku za meza alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kitambaa chake cheupe kichwani, na mimi mgeni nilikaa naye kwa sababu sikujua pa kukaa pengine. Aliimba kwa sauti kuliko waliokuwa mbele. Baadaye alitubu kama ilivyotakiwa, akaahidi, na alitimiza ahadi yake. Mkate haukuokwa tena katika nyumba ile. Tulikula viazi na maboga asubuhi.

Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinisumbua kuliko lawama. Na mzee naye alikuwa mpole kwangu, aliniita binti, alinibebea kuni siku nilipokuwa mzito wa mtoto wa kwanza. Lakini mimi nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekitaja. Sahani yake siku ile haikumalizwa na yeye. Nilikuwa nimeolewa kwa kinywa cha mkewe. Wazee wa kwetu huacha ugali kidogo kwa ajili ya watoto, ni desturi ya kawaida kabisa, wala haina maana yoyote. Mimi kila nilipoiondoa sahani ya mzee nikaona tonge lile limebaki, moyo ulinishuka. Mume wangu alinicheka, akasema ninatafuta ugonjwa usiokuwepo. Labda. Niliendelea kutazama.

Kisha ukaja wakati wa mvua ambao mama mkwe aliugua kifua. Mganga wa zahanati alikuja akaacha dawa, akasema lazima ale. Hakula. Nilimpikia uji wa ulezi, nikampikia mchuzi wa kuku, akaonja ili asinivunje moyo, akageukia ukutani. Alikuwa amepungua mpaka kigoda chake kilionekana kikubwa. Niliogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa mkate wala posa.

Asubuhi moja mzee alichukua baiskeli akaondoka bila kuaga. Alirudi alasiri, tope hadi magotini. Nilikuwa jikoni. Wanaume wa umri wake hawakuwa wakiingia jikoni kwa mkwe, akasimama nje ya mlango akaita. Nikatoka. Mkononi alikuwa ameshika mbeta. Alikuwa amekuja nayo kutoka upande wa Njombe, ambako mianzi ipo, akapita nayo barabarani mchana, mbele ya maduka na mbele ya kanisa, bila kuifunika hata kwa kofia. Kwenye kapu la nyuma kulikuwa na unga wa ngano na mayai yaliyofungwa majani.

"Ule mkate wa siku ile," akasema. "Wa kulowekwa."

Nikamuuliza kwa heshima kama ni mtogwa. Nilikuwa nahitaji kujua, maana safari hii sikuwa na nafasi ya kukosea.

"Mkali," akasema. "Uumulie kama alivyokuwa anaumulia yeye."

Nilikanda usiku uleule, na kinyunga kilifurika. Kesho yake nikaoka, nikaukausha mkate kandokando ya moto ili uwe mgumu kama baba alivyosema, jioni nikaulaza katika mayai na maziwa. Asubuhi iliyofuata nikapanga makaa, machache chini na mengi juu, nikanusa, nikasubiri, nikapakua kipande kimoja. Mzee alikuwa amemketisha mkewe, amemwegemeza kifuani pake. Mama mkwe alinusa kabla ya kuonja, akafumbua macho akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Nadhani alitaka kucheka lakini pumzi haikutosha. Akala. Alikula vijiko vichache, kweli akala, akameza. Kisha akatikisa kichwa, akaisukuma sahani kwa vidole viwili.

Nilisimama pale mlangoni nikiitazama ile nusu iliyobaki. Sikuweza kuiondoa. Nilijua maana yake, na safari hii hapakuwa na posa.

Mzee akanyoosha mkono, akaichukua sahani ya mkewe. Akala taratibu, bado amemshikilia, bila kubakisha chochote, akafuta maziwa kwa kipande cha mwisho. Alipomaliza akaninyooshea mimi ikiwa tupu, nami nikapiga goti nikaipokea kwa mikono miwili.